Maswali na Majibu ya Ufundi: Taimingi ya Injini ya Rota kwa Kompyuta Isiyo ya Kiwandani

Barua nne tulizozichagua safari hii zinahusu jambo moja, yaani jinsi ya kuweka taimingi ya cheche (wakati wa kuipiga, unaohesabiwa kwa digrii za mzunguko wa shafti) kwenye injini ya rota, ile ambayo badala ya pistoni ina rota zenye nyuso tatu, baada ya kompyuta ya kiwandani kuondolewa na nyingine kufungwa. Barua ya kwanza imejibiwa kwa urefu kwa sababu kosa lililomo ndani yake ndilo linaloua injini nyingi za aina hii, na wanaolifanya mara nyingi ni watu makini waliofuata maelekezo neno kwa neno.

SWALI: Ndugu Mhariri, naomba unifikishie swali langu kwa fundi wenu. Nina Mazda RX-7 ya kizazi cha pili yenye injini ya 13B ya turbo. Nimeiondolea kompyuta ya kiwandani na kuifungia nyingine ambayo hupangwa kwa kompyuta mpakato. Nilifunga taimingi kwenye programu isimame kwenye digrii 10 kabla ya kilele (pale mchanganyiko unapobanwa zaidi), nikabana taa ya taimingi, ile inayomulika kila cheche inapopigwa, kwenye waya wa plagi, kisha nikageuza sensa ya shafti mpaka alama ya njano ya kwenye puli ikakaa mkabala na pini ya kuonyeshea iliyo kwenye injini. Injini inawaka, ila kwa shida. Gari ni zito, na nikiiacha ingurume kwa dakika chache bomba la moshi karibu na turbo linaiva jekundu. Rafiki yangu amenishauri niongeze digrii 15 kwenye jedwali zima la taimingi. Je, nifuate ushauri wake?

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali usiongeze hata digrii moja kabla hujasoma jibu hili mpaka mwisho.

Alama ya njano uliyoitumia haionyeshi digrii 10 kabla ya kilele, wala haionyeshi kilele chenyewe. Kwenye puli ya kiwandani ya gari lako, alama ya njano inaonyesha digrii 5 baada ya kilele, na alama nyekundu inayoifuata inaonyesha digrii 20 baada ya kilele. Kiwanda kiliziweka hapo kwa sababu kompyuta yake, injini inapokuwa imepata moto na haijakanyagwa mafuta, hupiga cheche ya plagi ya kutangulia digrii 5 baada ya kilele na ya plagi ya kufuatia digrii 20 baada ya kilele (kila rota ina plagi hizo mbili). Fundi aliyezoea injini za pistoni akiona alama hudhani ni kilele au ni digrii 10 kabla, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyozoea. Wewe uliiambia kompyuta ipige cheche digrii 10 kabla ya kilele, kisha ukaigeuza sensa mpaka cheche hiyo ikapigwa digrii 5 baada ya kilele. Tofauti yake ni digrii 15 kamili, na tangu siku hiyo kila namba unayoiona kwenye skrini inatekelezwa ikiwa imechelewa kwa kiasi hicho. Moto unaowaka umechelewa humalizia kuungua kwake ndani ya bomba la moshi, na ndiyo maana chuma chako kinaiva.

Rafiki yako, pengine bila kujua, ameipata tofauti yenyewe, na ukiongeza digrii 15 kwenye jedwali gari litapata nguvu papo hapo. Pamoja na hayo ninakusihi usifanye hivyo, kwa sababu utakuwa na jedwali linalosema uongo. Siku moja fundi mwingine atakagua sensa kwa taa, ataikuta imekaa vibaya, ataisahihisha kwa nia njema, na jedwali lako lililoongezwa digrii 15 litatekelezwa kama lilivyoandikwa, turbo ikiwa inasukuma kwa nguvu zake zote. Injini ya pistoni iliyowahishwa kupita kiasi hugonga kwa sauti, na mara nyingi dereva hupata nafasi ya kuondoa mguu. Kwenye rota nafasi hiyo ni finyu mno. Sili ya ncha, kile kipande chembamba kinachoziba kati ya chumba kimoja na kingine, ina unene wa milimita 2 tu kwenye injini yako, na pigo moja kali la kugonga huko linatosha kuivunja. Nimewahi kukitoa kipande cha sili kutoka kwenye tumbo la turbo kikiwa kimeng'aa kwa kusagwa, na mabawa ya gurudumu la moshi yamekatika ncha zote kwa mpigo uleule. Mwenye gari alisikia mlio mmoja tu, kisha injini ikaanza kuyumba.

Sasa tuirekebishe. Kwanza tengeneza alama zako mwenyewe, kwa sababu kazi hii yote inategemea alama unayoiamini. Zungusha ukanda mwembamba wa karatasi kwenye ukingo wa puli palepale zilipo alama, ukate unapokutana, kisha uupime kwa rula na ugawanye urefu wake kwa 360. Tuseme umepata milimita 440: kila digrii moja ni takriban milimita 1.2, na digrii 5 ni milimita 6.1. Ukiitazama injini kutoka mbele, shafti huzunguka kufuata mwelekeo wa akrabu za saa, kwa hiyo kilele hupita kwenye pini kabla ya alama ya njano. Maana yake ni kwamba alama ya kilele iko milimita 6.1 mbele ya alama ya njano kwa kufuata mwelekeo huohuo wa mzunguko. Chora mstari mwembamba wa rangi nyeupe hapo, kisha chora mwingine milimita 12.2 mbele zaidi, ambao ni digrii 10 kabla ya kilele. Mstari uwe mwembamba kweli, kwani mstari wa unene wa milimita 3 tayari ni kosa la zaidi ya digrii 2. Kama puli yako si ya kiwandani, usiziamini rangi zake hata kidogo mpaka umethibitisha kwamba alama zake zinalingana na zile za puli ya awali.

Pili, chomoa soketi za injekta ili injini isiwake, bana taa kwenye waya wa plagi ya kutangulia ya rota ya mbele, ile iliyo chini na yenye herufi L kwenye nyumba ya rota, na uzungushe injini kwa starta. Kwa mwendo huo wa polepole utaona kama cheche iko karibu na pini au iko mbali kabisa. Ukiridhika, rudisha injekta, washa injini na uiache ipate moto. Funga taimingi kwenye programu isimame kwenye digrii 10 kabla ya kilele kama ulivyofanya awali, lakini sasa utafute mstari wako mweupe wa digrii 10. Geuza sensa mpaka mstari uwe karibu, kaza boliti yake, na tofauti ndogo iliyobaki uimalize kwenye programu, mahali panapoandikwa pembe ya sensa. Sensa iliyokazwa na kuachwa ni bora kuliko sensa inayoguswa kila mara. Kama taa yako ina kitufe cha kurudisha digrii, kiweke kwenye sifuri, kwa maana baadhi ya taa hizo huhesabu vibaya zinapokutana na plagi inayopigwa cheche mara mbili katika mzunguko mmoja.

Ukimaliza, ifungue taimingi. Ninaliandika hili peke yake kwa sababu nimeona magari yakiendeshwa kwa muda mrefu taimingi ikiwa bado imefungwa kwenye digrii 10, na wenyewe wakilalamikia jedwali ambalo kompyuta haikuwa ikilisoma.

SWALI: Ndugu fundi, injini yangu ya 13B iliyo na kompyuta mpya inanguruma vizuri, lakini nikikanyaga mafuta inakohoa, inapiga mishindo kwenye bomba la moshi na haipandi. Taa inaonyesha taimingi sahihi kwenye plagi ya kutangulia. Nikichomoa soketi ya koili za plagi za kufuatia, inakuwa afadhali. Inawezekanaje injini iende vizuri zaidi plagi zikiwa pungufu?

JIBU: Inawezekana kabisa, na kwa kuzichomoa koili hizo umekwisha kupata nusu ya jibu. Kuna uwezekano mkubwa kwamba plagi za kufuatia zimebadilishana: cheche ya rota ya mbele inakwenda kwenye rota ya nyuma, na ya nyuma inakwenda mbele.

Ili kuelewa ni kwa nini plagi za kutangulia hazikulalamika, kumbuka jinsi injini hii inavyozunguka. Shafti ya kati huzunguka mara tatu rota inapozunguka mara moja, na kwa kuwa rota ina nyuso tatu, kila rota hupata mwako mmoja katika kila mzunguko wa shafti. Rota mbili za 13B zimepangwa kwa kupishana digrii 180. Kwenye magari mengi ya aina hii plagi mbili za kutangulia hutumia koili moja yenye matundu mawili, nayo hupiga cheche kwenye rota zote mbili kwa pamoja kila baada ya nusu mzunguko, moja ikifanya kazi na nyingine ikipotea bure. Hata kama kompyuta imekosea na kudhani rota ya mbele ndiyo ya nyuma, plagi za kutangulia zitapata cheche kwa wakati wake. Plagi za kufuatia hazina bahati hiyo, kwa sababu kila moja ina koili yake na hupigwa mara moja tu kwa mzunguko. Zikibadilishana, cheche inapigwa nusu mzunguko nje ya wakati wake na kukuta mchanganyiko ambao haukupaswa kuguswa bado.

Hakiki kwa taa. Ibane kwenye waya wa plagi ya kufuatia ya rota ya mbele, ile ya juu yenye herufi T. Kama mambo yako sawa, utaziona alama karibu na pini, zikiwa zimesogea kwa kiasi cha pengo, yaani tofauti ya digrii uliyopanga kati ya cheche za plagi mbili. Kama zimebadilishana, utauona ukingo mtupu wa puli, na alama zitakuwa upande wa pili kabisa.

Kabla ya kuhamisha waya, angalia aina ya koili zako. RX-7 ya kizazi cha pili hutumia mfumo wa pekee kwa plagi za kufuatia, ambapo waya mmoja hubeba amri ya kupiga cheche na waya wa pili huchagua ni koili ipi ipigwe. Kizazi cha tatu hakina mpango huo, kwani kila koili ina waya wake. Kompyuta nyingi zinazokubali injini ya rota zina mahali pa kuchagua mfumo upi unatumika, na ukichagua usio wako, au waya wa kuchagua ukisomwa kinyume, matokeo yake ni haya unayoyaeleza. Ukiwa na mfumo wa kizazi cha pili, geuza kwanza mpangilio wa waya wa kuchagua kwenye programu, kwa sababu ni kazi ya dakika moja isiyokata waya wowote.

Kipimo cha mwisho ni hiki: injini iliyo sawa ikichomolewa koili za kufuatia huendelea kwenda ikiwa imelegea kidogo, na zikirudishwa huchangamka.

SWALI: Fundi, kompyuta yangu ina jedwali la taimingi na jedwali la pili la plagi za kufuatia. Ndani ya jedwali la pili mwenye gari aliyetangulia aliandika 15 kila mahali. Je, ni sawa? Na nianzie digrii ngapi turbo inaposukuma?

JIBU: Siwezi kukuambia kama ni sawa mpaka ujue hiyo 15 ina maana gani kwa kompyuta yako, na ninaomba uchukue muda wa kutosha kulijua hili. Baadhi ya kompyuta husoma jedwali hilo kama pengo, yaani plagi ya kufuatia ipigwe digrii 15 baada ya ile ya kutangulia. Nyingine husoma namba ileile kama taimingi kamili ya plagi ya kufuatia, yaani digrii 15 kabla ya kilele, bila kujali plagi ya kutangulia inafanya nini. Ikiwa kompyuta yako ni ya aina ya pili, basi mahali ambapo plagi ya kutangulia imepangwa digrii 10 kabla ya kilele kwa ajili ya usalama chini ya shinikizo, plagi ya kufuatia inapiga digrii 5 mapema kuliko hiyo ya kutangulia. Aliyeandika 15 alidhani anaongeza usalama, kumbe ameuondoa. Zipo pia zinazotaka pengo liandikwe kwa alama ya kutoa. Usikisie: funga plagi ya kutangulia kwenye digrii 10, weka pengo la 10, bana taa kwenye plagi ya kufuatia, na utazame puli. Cheche ikitua kwenye mstari wa kilele, umejua inavyosoma.

Kuhusu pa kuanzia, nitakuambia ninavyofanya mimi. Kwa 13B ya turbo inayotumia petroli bora, shinikizo likifika baa 1, huanza na digrii 10 kabla ya kilele kwa plagi ya kutangulia na pengo la digrii 12 hadi 15, na ninaona afadhali nipoteze nguvu kidogo kuliko kuwahisha. Shinikizo likiwa nusu ya hapo ninaruhusu digrii chache zaidi. Mahali ambapo turbo haisukumi na gari linakwenda kwa mwendo wa kutulia, injini hii hupenda cheche ya mapema, na pengo linaweza kupunguzwa. Namba hizi ni za kuanzia tu. Mchanganyiko wa mafuta na hewa lazima uwe mzito wa kutosha kabla hujagusa taimingi chini ya shinikizo, kwa maana hakuna namba ya taimingi inayoweza kuokoa injini iliyopungukiwa mafuta.

Sababu ya kuwapo pengo inastahili kuelezwa. Chumba cha mwako cha rota ni kirefu na bapa, tena kinasogea huku moto ukiwaka. Plagi ya kutangulia huwasha sehemu ya mbele ya chumba, na moto hukimbia upesi kufuata mwelekeo wa rota. Sehemu ya nyuma hubaki na mchanganyiko usioungua, na hapo ndipo plagi ya kufuatia inapomalizia kazi. Ikiiwasha mapema mno chini ya shinikizo, mioto miwili hukutana mgandamizo ukiwa bado unapanda, na mchanganyiko uliobanwa pembeni hulipuka wenyewe. Ndiyo maana hata plagi zenyewe hazilingani: kwa 13B za turbo kiwanda kiliweka NGK za namba 7 kwa kutangulia na za namba 9, zinazopoa haraka zaidi, kwa kufuatia. Wanaoongeza shinikizo huweka namba 9 zote nne, na ninaunga mkono.

Kuna wanaouliza kama plagi za kufuatia zinaweza kuondolewa kabisa ili kupunguza kazi. Injini itakwenda, lakini itapoteza nguvu, itakula mafuta zaidi na kutoa moshi wenye joto kali zaidi. Mazda waliposhinda mbio za Le Mans mwaka 1991 kwa gari la 787B, injini yao ya rota nne ilikuwa na plagi tatu kwa kila rota.

SWALI: Taimingi yangu iko sawa kabisa injini ikiwa chini, lakini nikiipandisha hadi mizunguko 5,000 kwa dakika alama inahama digrii 6 au 7 ingawa programu imefungwa. Je, nipangue sensa upya?

JIBU: Hapana, sensa ikipanguliwa ili iwe sawa juu, itakosea chini. Taimingi iliyofungwa ikihama kadiri mizunguko inavyoongezeka, kuna ucheleweshaji mahali fulani. Kwa mizunguko 6,000 kwa dakika shafti hupita digrii 36,000 kwa sekunde, kwa hiyo ucheleweshaji wa sehemu 100 za milioni ya sekunde tayari ni digrii 3.6. Kompyuta nzuri ina mahali pa kuandika ucheleweshaji huo ili iufidie.

Lakini kabla ya kuandika chochote hapo, kagua nyaya mbili za sensa. Sensa ya sumaku ya kizazi cha pili hutoa wimbi la umeme linalopanda na kushuka kila jino la gurudumu lake linapopita, na upande mmoja wa wimbi hilo ni mkali na hukata sifuri mahali palepale kila mara. Nyaya zikigeuzwa, kompyuta husoma upande mlegevu, ambao huhama kadiri kasi inavyobadilika. Injini itawaka, itanguruma, na taimingi itatangatanga kama ulivyoeleza. Geuza nyaya, au badili mpangilio wake kwenye programu, kisha weka pembe ya sensa upya kuanzia mwanzo na uhakiki tena chini na juu.

Kama bado inahama, jaribu taa nyingine, kwani zipo taa ambazo zenyewe huchelewa. Kisha tazama muda wa kuchaji koili. Kwa mizunguko 8,000 kwa dakika, mzunguko mmoja wa shafti huchukua milisekunde 7.5, na koili ya kutangulia inayopigwa mara mbili kwa mzunguko ina milisekunde 3.75 tu kati ya cheche na cheche. Ukiwa umeandika muda wa kuchaji wa milisekunde 4, kompyuta haina pa kuupata, na baadhi yao huamua kuchelewesha cheche ili koili ijae. Punguza muda huo, au fungia kila plagi ya kutangulia koili yake na upange zipigwe moja moja, jambo ambalo litakupa milisekunde zote 7.5. Pima tena kwa 3,000, kwa 5,000 na kwa kiwango cha juu unachokusudia kukitumia, gari likiwa limesimama na turbo haisukumi, na usiliendeshe chini ya shinikizo mpaka mstari umetulia kwenye vipimo vyote vitatu.